Vipimo vitatu vya haiba, kijana wa uhasibu, na ripoti inayomwambia awe mshairi: vinasomwaje?

Nasaha_Kazini ameuliza:

Salaam wadau. Swali hili ni kwa wanaoshughulika na vipimo vya haiba kikazi.

Kuna kijana wa miaka 23, mwaka wa mwisho wa shahada ya uhasibu, kabakiza muhula mmoja. Kajaza vipimo vitatu kwa simu na karidhia namba zake zijadiliwe bila jina wala chuo. Anataka kuacha fani. Sababu ni kwamba ripoti ya kwanza imempa orodha ya kazi za "watu wa aina yake": ushairi, uandishi, ushauri nasaha. Uhasibu haumo.

Kipimo cha kwanza, 16Personalities: INFP-T, kila herufi ni sifa moja. Undani (ukimya) 54%, kuwaza mbali 61%, kuamua kwa hisia 52%, kuacha mambo wazi 57%, wasiwasi 70%.

Cha pili, IPIP-NEO ya maswali 120, kinachopima sifa tano kuu za haiba: uchangamfu 38, upole kwa watu 66, uwajibikaji 71, wasiwasi 60, udadisi 81.

Cha tatu, Interest Profiler ya O*NET (kipimo cha mapendeleo ya kazi cha kanzidata ya kazi ya Marekani), maswali 60, kila herufi kwa jumla ya alama 40: R 12, I 27, A 22, S 29, E 14, C 26.

Ninaloona ni mgongano. Cha kwanza kinasema huyu ni mtu wa kuacha mambo wazi, cha pili kinasema uwajibikaji wake uko juu. Cha tatu kimempa C kubwa, herufi ya kumbukumbu na taratibu, ambayo ndiyo uhasibu wenyewe. Nishike kipi? Na uzito wake ni kiasi gani kwenye uamuzi wa kuacha au kutoacha?

---

Takwimu_Tu:

Mkuu, kabla ya mgongano tazama aina ya namba ulizonazo, maana hizo asilimia si kitu kimoja.

54% ya kipimo cha kwanza inaeleza majibu yake yameelemea wapi kutoka katikati. Hakuna aliyelinganishwa naye. 38 ya kipimo cha pili ni nafasi yake kati ya watu 100: amewazidi uchangamfu watu 38, wengine wamemzidi. Kwa hiyo "undani 54%" na "uchangamfu 38" zinasema jambo lile lile, kwamba yuko katikati, ameegemea kidogo upande wa ukimya. Wasiwasi 70% na wasiwasi 60 nazo ni ndugu. 16Personalities imeazima herufi za Myers-Briggs, kipimo cha kugawa watu katika aina 16, lakini kinachopimwa ndani kiko karibu zaidi na zile sifa tano kuu, na ile T ya mwisho ndiyo wasiwasi. Usihesabu hivyo viwili kama mashahidi wawili. Ni shahidi mmoja aliyehojiwa mara mbili.

Tatizo la herufi ni kisu kinachokata katikati. Watu wengi kwenye sifa yoyote wamejazana katikati, wachache wako kwenye ncha. Ukikata katikati, mwenye 52 na mwenye 48 wanaitwa watu wa aina mbili, na mwenye 52 anawekwa kundi moja na mwenye 95. Ndiyo maana kipimo cha Myers-Briggs kikirudiwa baada ya wiki tano hivi, hadi nusu ya watu wanaweza kutoka na aina tofauti kwa herufi moja au zaidi. Huyu kijana ana 54, 52 na 57. Herufi tatu kati ya nne ziko ukingoni. Akilala vizuri akajaza tena asubuhi, anaweza kuamka ESTJ, kinyume kabisa cha INFP, kasoro herufi moja.

Sasa upana wa kosa. Kanuni ni hii: chukua mtawanyiko wa alama (standard deviation), zidisha kwa kipeuo cha pili cha (1 toa uthabiti wa kipimo, yaani kinavyorudia alama zile zile). Mfano kwa mizani ya wastani 50 na mtawanyiko 10: uthabiti ukiwa 0.84, 1 toa 0.84 ni 0.16, kipeuo chake 0.4, kosa ni alama 4. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 hivi, nenda karibu mara mbili kila upande. Aliyepata 54 yuko mahali fulani kati ya 46 na 62. Hiyo ndiyo namba ya kumwonyesha kijana: mchoree mstari, weka mkanda juu yake badala ya nukta, na umuulize kama mkanda umevuka katikati.

Orodha ya kazi mwishoni mwa ripoti haitokani na kupima chochote. Ni maelezo yaliyobandikwa kwenye herufi. Hapo itupe.

---

KijiweChaNyota:

Si mseme tu hivi vitu ni utabiri wa nyota? Karatasi inasema "una kipaji ambacho hujakitumia chote", nani hatakubali?

---

Takwimu_Tu:

Kwa maelezo ya ripoti uko sahihi, na jambo hilo lilipimwa zamani. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 "matokeo ya haiba". Kila mmoja alidhani ni yake binafsi, kumbe wote walipewa karatasi moja. Waliipa usahihi wa wastani wa 4.26 juu ya 5. Kwa hiyo "imenisema mimi kabisa!" si ushahidi wa kitu.

Namba ni habari nyingine. Alama ya uwajibikaji ina uhusiano na ufanisi kazini unaorudi kila utafiti ukifanywa upya, ila ni mdogo. Majumuisho ya tafiti ya Sackett na wenzake ya 2022 yanauweka 0.19, ambapo 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Ipandishe kwa kipeo cha pili: karibu asilimia 4 ya tofauti kati ya wafanyakazi. Nyota hazina hata hiyo, lakini pia si ya kumwachisha mtu chuo.

---

Mkufunzi_wa_Biashara:

Nitakaa kwenye hicho cha tatu, maana kwa swali la fani ndicho chenye uzito zaidi. Haiba inaeleza mtu anavyofanya kazi. Mapendeleo yanaeleza kazi ipi ataivumilia miaka.

Herufi zake ni za mwanasaikolojia John Holland. Mpangilio wake una pembe sita, ukizunguka hivi: R mikono na vifaa, I uchunguzi, A sanaa, S kuhudumia watu, E kushawishi na biashara, C kumbukumbu na taratibu, kisha unarudi R. Jirani hufanana, zinazotazamana hupingana. Huyu ana S 29, I 27, C 26.

Jambo la kwanza, usisome huo mfuatano kama mashindano. Kila herufi ina maswali 10, kila jibu lina alama 0 hadi 4. Tofauti ya S na C ni alama 3, yaani maswali matatu ambayo angejibu "napenda" badala ya "sina hakika". Hizo tatu ni sare. A yenye 22 iko chini kidogo tu, na R na E ndizo zilizo chini kweli.

La pili, ukichora hizo tatu kwenye pembe sita utapata pembetatu iliyo sawa: kati ya kila mbili kuna pembe moja iliyorukwa. Mwenye S, A na I ana upande mmoja wa duara na kazi zake ni rahisi kuzitaja. Mwenye pembetatu hana upande, na mara nyingi humlalamikia mshauri kwamba "napenda kila kitu". Hana kasoro. Kazi zinazomfaa ni zile zinazochanganya, na hazipo kwenye majina ya kozi.

La tatu ndilo muhimu. Mhasibu kwenye kanzidata ya O*NET ni C kwanza, kisha E. Kijana ana C ya kutosha, mgogoro uko kwenye E 14. Lakini fungua maswali kumi ya E uone yalivyo, baadhi ni haya: kusimamia duka la nguo, kuuza bidhaa kwenye duka kubwa, kuendesha saluni, kuinadi nguo mpya, kununua na kuuza hisa, kuanzisha biashara yako, kujadiliana mikataba. Mwanamume wa miaka 23 anayechukia nguo na saluni anapoteza alama nyingi hapo bila kuwa ameikataa biashara yenyewe. Mwombe akuonyeshe jibu la "kuanzisha biashara" na la "kujadiliana mikataba" peke yake. Hayo mawili yakiwa chini, E kweli iko chini. Yakiwa juu, alichokataa ni duka.

E ikiwa chini kweli, aepuke upande wa uhasibu unaoishi kwa kutafuta wateja, kama kufungua ofisi ya ushauri wa kodi. Upande wa C+S upo: kufundisha hesabu chuoni, kuwafundisha viongozi wa SACCOS kusoma mizania yao, uhasibu wa miradi ya afya au elimu. Upande wa C+I nao upo: ukaguzi wa ndani, uchunguzi wa udanganyifu, uchambuzi wa takwimu za fedha.

Kosa la kawaida la kijana akijaza kile kipimo ni kujibu kwa mshahara au kwa uwezo. Swali ni "ungependa?", yeye anawaza "inalipa?" au "naweza?". Ukihisi hivyo, arudie, na umwambie adhani kazi zote zinalipa sawa na zote ameshazisomea.

---

Mtafiti_Kisumu:

Hamjambo. Niongeze kuhusu lugha na mazoea ya kujibu, kwa sababu vipimo hivi vilitengenezwa kwa Kiingereza kwa watu wa mahali pengine.

Mwaka 2019 jarida la Science Advances lilitoa uchambuzi wa data za nchi 23 za kipato cha chini na cha kati. Zile sifa tano zilipoulizwa ana kwa ana na mhoji, hazikujipanga vizuri. Zilizojazwa mtandaoni zilikuwa na nafuu. Sababu moja kubwa ni mazoea ya kukubali: mtu anasema "ndiyo" kwa sentensi na kwa kinyume chake.

Kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada. Muulize mtu "Huvunji ahadi?" naye atajibu "Ndiyo", akimaanisha ndiyo, sivunji. Kwenye fomu inayofuata mantiki ya Kiingereza, hiyo "ndiyo" inaweza kuhesabiwa kuwa anavunja. Ukitafsiri maswali ya IPIP, ambayo ni mali ya umma na unaruhusiwa kuyatafsiri, usiweke kikanushi kwenye sentensi. "Huvunja ahadi zangu" na mizani ya 1 hadi 5 inafaa. "Si mtu wa kutimiza ahadi" itakuharibia data.

Namna ya kukagua: maswali yaliyogeuzwa, yanayoeleza kinyume cha sifa, yanahesabiwa 6 toa jibu. Kabla hujageuza, tazama majibu ghafi ya jozi zinazopingana. Ametoa 5 kwa "Hufanya kazi kwa bidii" na 4 kwa "Hufanya kiasi cha kunivusha tu"? Hapo hakuna mtu mwenye uwajibikaji wa kati, kuna mtu anayekubali kila kitu, na alama yake haisomeki.

Nasaha_Kazini, tupe vipengele vidogo. Kila sifa kati ya tano ina vipengele sita, kila kimoja maswali manne, alama 4 hadi 20. Ule mgongano wa "kuacha mambo wazi" na "uwajibikaji 71" utafumbuka huko.

---

Nasaha_Kazini:

Asante sana. Uwajibikaji: kujiamini katika kazi 16, mpangilio 9, kutimiza wajibu 18, kiu ya mafanikio 17, nidhamu binafsi 15, tahadhari 17.

Udadisi: mawazo ya kubuni 17, kupenda sanaa 13, kusikiliza hisia 16, kupenda mambo mapya 14, kupenda mafumbo ya akili 19, kupinga mapokeo 12.

Kwenye E, "kuanzisha biashara" kajibu 3 juu ya 4, "kujadiliana mikataba" 1.

---

Mtafiti_Kisumu:

Vizuri, sasa kuna cha kusoma.

Mwanzo ni kuthibitisha kama ni mtu wa "ndiyo". Kwenye toleo la maswali 120, "kujiamini katika kazi" maswali yote manne yameelekea upande mmoja, kwa hiyo mtu wa ndiyo atakuwa juu hapo. "Tahadhari" yote manne yamegeuzwa (kukurupuka, kuamua haraka bila kufikiri), kwa hiyo mtu wa ndiyo ataanguka. Huyu ana 16 na 17. Hakuanguka. Majibu yake yanaaminika.

"Mpangilio" maswali matatu kati ya manne yamegeuzwa, na 9 yake haielezwi na mazoea ya kukubali, kwa sababu hiyo hiyo ya tahadhari. Ila swali moja ni kuhusu kuacha chumba kimevurugika. Kama anaishi hosteli na wenzake watatu chumbani, alichojibu ni tabia ya chumba. Mwulize upya: "sehemu yako, kitanda chako na meza yako". Likiondoka hilo anaweza kufika 11. Bado ni chini.

Basi mgongano umekwisha. Herufi P ya kuacha mambo wazi imeokota vitu vyake kutokuwa mahali pake. Uwajibikaji 71 umebebwa na wajibu, kiu na tahadhari. Ni mtu anayemaliza kazi kwa wakati huku meza yake ikiwa soko. Na udadisi 81 haukutoka kwenye sanaa, 13 ni ya kawaida. Umetoka kwenye mafumbo ya akili, 19 juu ya 20. Ripoti ya kwanza imeona udadisi ikamwita mshairi. Kipengele kinasema apewe hesabu isiyolingana aitafute kosa.

Tahadhari yangu mimi: kipengele cha maswali manne kina kosa kubwa. Chukua mtawanyiko wa 3 na uthabiti wa 0.7: kosa ni 1.6, mkanda ni kama alama 3 kila upande. 9 dhidi ya 18 ni tofauti halisi. 15 dhidi ya 17 usiijadili kabisa.

---

Afisa_Utumishi_Dom:

Tukitoka kwenye karatasi tuingie ofisini: mpangilio 9 na wajibu 18 kwa mhasibu huleta kosa la aina moja linalojirudia. Hesabu zinafungwa kwa wakati, lakini mkaguzi akija vocha haina kiambatisho. Malipo yalifanyika kihalali, risiti ya EFD (mashine ya kodi) iko kwenye droo ya mtu, au kwenye simu kama picha.

Dawa ni utaratibu wa nje, usitegemee abadilike. Karatasi iliyobandikwa ukutani yenye visanduku vitano: vocha, ankara, risiti ya EFD, hati ya kupokea mzigo, saini ya mwidhinishaji. Vocha haipewi namba hadi visanduku vyote vijae, na namba zinafuatana siku hiyo hiyo, haziachwi hadi Ijumaa. Mtu mwenye wajibu 18 ataifuata karatasi hiyo bila kusukumwa. Mwenye wajibu 9 angeijaza visanduku vyote mwisho wa mwezi kwa kalamu moja.

Kuhusu uamuzi wa kuacha, napendekeza shajara ya kazi wakati wa mafunzo kwa vitendo. Safu tatu: shughuli, dakika, alama kutoka -2 hadi +2. Siku kumi za kazi zinatosha kama utachagua siku sahihi. Akiandika kati ya tarehe 10 na 18, ataona ofisi tulivu na kudhani uhasibu ndio huo. Aanze tarehe 25 hadi 8 ya mwezi unaofuata, akutane na kufunga mwezi na makato ya PAYE (kodi ya mishahara), ambayo kwa Tanzania mwisho wake ni tarehe 7. Akiweza, aongeze siku tatu kabla ya tarehe 20, zamu ya VAT.

Yanayoharibu shajara ni mawili. Moja, kujaza Ijumaa jioni kwa kumbukumbu. Anakumbuka ugomvi, anasahau saa mbili nzuri za usuluhishi wa benki. Ajaze mara mbili kwa siku, kabla ya chakula na kabla ya kutoka. Pili, kumpa alama bosi badala ya shughuli. Ukiona -2 zote ziko kwenye siku ambazo msimamizi fulani yupo, shughuli haina kosa.

Ukijumlisha, zidisha dakika kwa alama, panga kwa aina: kutafuta makosa, kuingiza data, kuongea na watu, kupanga nyaraka. Kwa namba ulizoleta natarajia kutafuta makosa kutoke na chanya, kupanga nyaraka hasi. Ikiwa kutafuta makosa nako ni hasi, hapo mazungumzo ya kubadili fani yana msingi.

Na akienda kwenye usaili, asiandike INFP kwenye wasifu. Wenye Myers-Briggs wenyewe wanasema kipimo chao hakifai kuchuja waombaji. Mwajiri anayejua kazi atamweka kwenye usaili wenye maswali yale yale kwa kila mwombaji na alama zilizopangwa mapema; majumuisho yale ya Sackett yanaupa 0.42, zaidi ya mara mbili ya uwajibikaji.

---

Mkufunzi_wa_Biashara:

Naunga mkono. Na lile jibu la "kuanzisha biashara 3, mikataba 1" limenisaidia: E haiko chini yote. Anapenda kumiliki, hapendi kubishana bei. Usimfungie mlango wa kujiajiri, mwonyeshe tu kwamba atahitaji mshirika wa kukaa na wateja. Ukaguzi wa ndani bado ndio ningeuweka wa kwanza kwenye orodha yake.

---

Nasaha_Kazini:

Nimeelewa. Muhula ukiisha anaingia ofisi moja ya halmashauri kwa vitendo, tutaanza shajara tarehe 25. Swali la mwisho: nimrudishe ajaze IPIP tena kabla au baada?

---

Takwimu_Tu:

Baada, na zipite angalau wiki nne tangu ajaze mara ya kwanza ili asikumbuke majibu. Saa ile ile ya siku, kwenye kompyuta si kwa simu, asione matokeo ya zamani. Na usimsomee alama ya wasiwasi katikati ya kufunga mwezi. Mwezi wa kwanza kazini kila mtu ana 70.